Habari ya Masomo Matatu: Viunganishi, Kauli za Jumla, na Ushairi

Katika shule zetu za sekondari mwalimu wa Kiingereza hufundisha masomo matatu ambayo mara nyingi hutengwa kana kwamba hayajuani. La kwanza ni viunganishi, yaani maneno madogo yaungayo sentensi na sentensi. La pili ni kauli za jumla, yaani namna ya kusema neno moja juu ya watu wengi au vitu vingi. La tatu ni ushairi, yaani kusoma shairi, kulielewa, na kuonja uzuri wake. Wanafunzi wengi huyahesabu hivi: la kwanza ni la mtihani, la pili ni la insha, na la tatu ni la anasa. Sisi twaona sivyo. Masomo haya yalikuwa pamoja tangu kale, yakasafiri pamoja hata kufika kwetu. Na sisi tukaao huku Rulenge, karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi, tunayo sababu kubwa ya kuyafundisha pamoja. Basi twaomba ruhusa ya wasomaji tueleze habari yake tangu mwanzo.

Miongoni mwa vitabu vya sarufi vya Wayunani vilivyosalia, kimoja cha kale sana ni kile chenye jina la Dionysius Thrax, mtu aliyesoma Iskanderia katika Misri, akaishi yapata miaka 100 kabla ya kuzaliwa Kristo. Kitabu chenyewe ni kidogo. Maneno yote ya lugha yamegawanywa humo mafungu manane, na fungu la nane, la mwisho kabisa, ndilo la viunganishi. Kwa Kiyunani jina lake lina maana ya kifungo, kitu kifungacho vitu pamoja. Lakini mwanzoni mwa kitabu hicho hicho mwandishi ameeleza kazi sita za mtu wa sarufi, na ya sita ni kupima mashairi, nayo aisifu kuwa ni kazi nzuri kuliko zote. Hivyo mwalimu wa zamani hakuona fedheha kufundisha kifungo kidogo asubuhi na shairi jioni. Kwake ilikuwa kazi moja.

Habari ya kauli za jumla ni ya kale zaidi. Aristotle, aliyefariki mwaka wa 322 kabla ya Kristo, alionyesha ya kuwa mtu akisema, "Kila mtu ni mweupe," anayempinga halazimiki kusema, "Hapana mtu mweupe." Yatosha aseme, "Si kila mtu ni mweupe," na kuthibitisha hilo ahitaji mtu mmoja tu. Kauli ya jumla ina nguvu nyingi, lakini mfano mmoja waweza kuiangusha. Elimu hiyo ilichukuliwa na Warumi, ikafundishwa kwa Kilatini karne nyingi katika shule za watawa na makanisa ya Ulaya. Na Waingereza walipoanza kuandika sarufi ya lugha yao, waliifuata mifano ya Kilatini. Ndiyo sababu majina na mafungu tunayoyafundisha leo yana asili mbali sana na Uingereza yenyewe.

Sasa tutazame jinsi yalivyofika kwetu. Wakati wa Wadachi shule za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa watawala walihitaji makarani na maakida wa kuandika lugha hiyo. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliitawala Tanganyika, wakaacha Kiswahili katika madarasa ya chini, wakaweka Kiingereza katika madarasa ya juu. Mwaka wa 1925 serikali yao ilitoa waraka juu ya siasa ya elimu katika Afrika, na katika miaka hiyo shule ya Tabora ilifunguliwa. Waliofika madarasa ya juu walijitayarisha kwa mtihani wa Cambridge, uliotungwa na kusahihishwa ng'ambo. Mwanafunzi alichambua sentensi neno kwa neno, akitaja fungu la kila neno na kazi yake. Mashairi aliyakariri kwa moyo. Katika makoloni mengi ya Waingereza watoto walikariri shairi la Wordsworth, lililochapishwa mwaka wa 1807, juu ya maua ya daffodil, maua ya manjano ambayo wengi wao hawakuyaona hata siku moja. Hatusemi kwamba kukariri ni kubaya. Sikio hujifunza kwa kukariri. Lakini shairi lililokaririwa bila kuulizwa maswali huwa kama mzigo uliofungwa vema na mchukuzi asijue kilichomo ndani.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Mwaka wa 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, na tangu miaka hiyo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali mpaka darasa la mwisho. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka wa 1971 nchi yetu ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka wa 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwaka wa 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri Kiswahili kiingie sekondari pia, lakini serikali haikulitekeleza shauri hilo. Kwa hiyo mtoto wa Ngara ana kazi ya lugha tatu. Nyumbani asema Kihangaza au Kishubi. Shule ya msingi ajifunza kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza akuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Majina ya vitu ayajifunza upesi, kwa maana kitu chaweza kuonyeshwa kwa kidole. Viunganishi haviwezi kuonyeshwa kwa kidole, na hapo ndipo taabu huanza.

Na taabu hiyo si ya uvivu wala ya upungufu wa akili. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingine za Kibantu, sehemu kubwa ya kazi ya kuunganisha hufanywa ndani ya kitenzi chenyewe. Twasema, "Mvua ikinyesha, mto hufurika." Kiunganishi kiko wapi? Kimejificha katika silabi moja, -ki-. Twasema, "Mvua ingenyesha, mto ungefurika," na silabi -nge- peke yake yatuambia kwamba mvua haikunyesha. Mwingereza hana budi kusimamisha neno "if" mbele ya sentensi yake, kisha akageuza vitenzi vyake. Mwanafunzi asiyeonyeshwa tofauti hiyo huandika sentensi mbili za Kiingereza zilizowekwa kando kando, bila kifungo, naye adhani amekwisha unganisha.

Tutazame na silabi -ka-. Twasema, "Alikunywa dawa, akapona." Sentensi hii ni nzuri, tena ni kweli kama mambo yalifuatana hivyo. Lakini je, dawa ndiyo iliyomponya? Sentensi haikusema. Imesema tu kwamba moja lilitangulia na jingine likafuata. Anayeitafsiri kwa Kiingereza yampasa achague: je, aandike "and", au "then", au "so", au "because"? Kila neno lina ushahidi wake. Akiandika "because" amejifanya shahidi wa jambo ambalo pengine hakuliona. Hivyo zoezi dogo la tafsiri lamfundisha kijana tofauti kati ya kufuatana na kusababisha, tofauti ambayo watu wazima wengi huisahau wakizungumza habari za ugonjwa, za biashara, na za uchawi.

Kosa jingine lililo maarufu ni lile la "although" na "but" katika sentensi moja. Katika Kiswahili twasema bila kosa, "Ingawa alichelewa, lakini aliingia." Kiingereza chataka kimoja tu. Mwalimu akikata kwa wino mwekundu bila neno, mwanafunzi atalirudia kesho. Akimweleza kwamba Kiswahili hufunga mzigo kwa kamba mbili na Kiingereza kwa moja, atakumbuka.

Tena yafaa wanafunzi wajue kwamba kuazima viunganishi si aibu. Lakini, au, ama, wala, ila, hata, bali: maneno haya yote Kiswahili kiliyapata kwa Waarabu, na leo hapana Mswahili ayaonaye kuwa mageni. Jirani zetu Warundi, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihangaza, wanayo yao: kandi, ariko, kuko. Mtoto aliyekwisha kusikia nyumbani viunganishi vya namna hiyo, akavitumia vya Kiswahili shuleni, aijua kazi yenyewe kabla ya kufika kwa Kiingereza. Mwalimu amwonyeshe tu mlango mwingine wa nyumba ile ile.

Tuje katika kauli za jumla. Hapa historia ya nchi yetu yenyewe ni kitabu cha mfano. Mwaka wa 1861 Mwingereza John Hanning Speke, pamoja na mwenzake James Grant, alipita katika nchi aliyoiita Usui, ndiyo nchi ya Wasubi ya Biharamulo na Ngara, akielekea Karagwe na Buganda kutafuta chimbuko la mto Nile. Mfalme wa Usui, ambaye Speke humwandika Suwarora, alimtoza hongo nyingi na kumchelewesha, wala hakumpa nafasi ya kuonana naye uso kwa uso. Mwezi wa Novemba mwaka huo Speke alifika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, akapokewa vizuri sana. Kitabu cha safari yake kilichapishwa mwaka wa 1863, na ndani yake mna sura juu ya Wahima. Humo alisema kwamba, kwa kuyatazama maumbo yao, haoni kwamba wafugaji na watawala wa nchi hizi waweza kuwa watu wa asili nyingine ila wageni waliotoka upande wa Uhabeshi, wakashinda wenyeji waliokuwa duni kuliko wao.

Wasomaji waangalie jinsi kauli hii ilivyojengwa. Shahidi ni macho ya msafiri mmoja, aliyeona baadhi ya watu katika baadhi ya nchi kwa miezi michache. Hukumu ni juu ya watu wote wa maziwa makuu na asili yao ya karne nyingi. Katikati ya ushahidi na hukumu pana pengo kubwa, na juu ya pengo hilo pamewekwa daraja la neno moja dogo: basi. Speke mwenyewe aliyaita maneno yake nadharia yake. Lakini waliomfuata, maofisa, wataalamu, na hata baadhi ya wamisionari, waliliacha neno hilo la tahadhari, wakabaki na hukumu tupu. Katika Rwanda serikali ya Wabelgiji, katika miaka ya 1930, iliwaandika watu katika vyeti kuwa Mhutu, Mtutsi, au Mtwa, na kauli ya jumla ikawa karatasi ya kubebwa mfukoni.

Mwisho wake waujua kila mtu wa Ngara mwenye umri wa kutosha. Mwezi wa Novemba 1992, huko Kabaya katika Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano, akasema Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka wa 2016 mahakama ya Kigali ilimhukumu kifungo cha maisha. Maji ya Nyabarongo huingia katika Kagera, na Kagera hupita chini ya daraja la Rusumo, mpakani mwa wilaya yetu. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalipoanza, maiti zilichukuliwa na mto huo hata Ziwa Viktoria. Tarehe 28 na 29 ya mwezi huo watu wanaokisiwa kuwa kati ya 200,000 na 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa Benaco na vilima vyake.

Hatusemi kwamba mauaji yale yalitokana na sarufi, wala kwamba kipindi kimoja darasani kingeyazuia. Sababu zake ni nyingi: siasa, vita, njaa ya madaraka, na woga. Twasema tu kwamba uongo wenyewe ulivaa vazi la sentensi, na sentensi hiyo ilikuwa na "wote" mahali ambapo ushahidi ulitosha kwa "baadhi", na "kwa hiyo" mahali ambapo hapakuwa na sababu. Wala tusiihukumu Rwanda peke yake. Katika wale waliovuka Rusumo walikuwamo wauaji, na walikuwamo pia wajane, watoto, na watu wasio na hatia. Wengi walirudishwa kwao Desemba 1996. Mtu wa kwetu aliyesema, "Wakimbizi wote ni wauaji," alitenda kosa lile lile la sarufi na la haki.

Kiswahili chenyewe hutupa mazoezi mazuri ya somo hili. Methali yasema, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Wanafunzi waulizwe: je, ni kweli kwa samaki? Pengine ndiyo, wakiwa katika kapu moja. Je, ni kweli kwa ukoo? Kwa kabila? Kwa darasa? Kisha waandikiwe ubaoni, "Wanafunzi wote hawakuja." Baadhi watasema maana yake hakuja hata mmoja, wengine watasema walikuja baadhi. Waonyeshwe kwamba, "Si wanafunzi wote waliokuja," haina mashaka hayo. Ndipo waje kwa Kiingereza na maneno yake ya kupima, "all", "most", "many", "some", "few", wayapange kama ngazi, na kila anayepanda daraja moja aulizwe ushahidi wake.

Imebaki ushairi. Wako wasemao kwamba shairi halina manufaa kwa mtoto wa mkulima. Twawajibu kwa mfano wa Mwalimu Nyerere, aliyepata kufundisha Tabora na Pugu kabla ya kuingia katika siasa. Mwaka wa 1963, akiwa Rais mwenye kazi nyingi, alitoa tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mwaka wa 1969 aliitoa tena baada ya kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mchezo huo wa kishairi una masomo yetu yote matatu. Antony asimama mbele ya maiti ya Kaizari, naye amekatazwa kuwalaumu wauaji. Basi awasifu. Lakini kila mara atajapo wema wa Kaizari huunganisha sifa ya Brutus kwa neno dogo, akalirudia na kulirudia, hata ile sifa ikageuka kuwa shitaka na watu wakawaka hasira. Hakubadili sifa yenyewe. Alibadili mahali pa kuiunga. Mwanafunzi aliyefundishwa viunganishi atamwona akifanya kazi yake, kama mtu amwonavyo fundi akipiga misumari.

Na mara baada ya hotuba hiyo, umati wakutana njiani na mtu aitwaye Cinna. Mmoja wa wauaji pia aitwa Cinna. Mtu huyu awaambia kwamba yeye ni Cinna mwingine, mshairi. Hawasikii. Jina ni moja, basi yatosha, wamwua. Shakespeare aliandika haya karibu na mwaka wa 1599, wala hakujua Rusumo. Lakini sisi tukiisoma sehemu hiyo darasani hatuhitaji maelezo mengi.

Tena mwalimu asisahau hazina ya nyumbani. Shaaban Robert, aliyeishi tangu 1909 hata 1962, alituachia mashairi yawezayo kusomwa pamoja na ya Kiingereza. Amri Abedi, mwaka wa 1954, aliandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kikieleza vina na mizani. Mwanafunzi aliyehesabu mizani kwa vidole amekwisha kujua kwamba katika shairi silabi moja yaweza kuharibu mstari mzima. Mwenye masikio hayo hatalipuuza neno "some", wala silabi -ki-.

Basi twawashauri walimu wenzetu mambo matatu. Kwanza, kila kiunganishi cha Kiingereza kifundishwe pamoja na mahali kilipojificha katika Kiswahili na katika lugha ya nyumbani. Pili, kila insha inapokuwa na "wote" au "daima", mwandishi wake aulizwe kwa upole, "Umewaona wangapi?" Tatu, kila shairi lisomwe mara ya kwanza kwa sauti, ili lipendeze, kisha lisomwe tena polepole, na maneno madogo yaulizwe kazi yake. Kazi hii yahitaji ubao, chaki, na subira. Vitabu vikipatikana ni heri.

Katekisimu hutufundisha Amri ya Nane, ikatazayo kumshuhudia jirani uongo. Watoto hudhani amri hiyo ni ya mahakamani tu. Lakini mwanafunzi aandikapo sentensi moja juu ya watu wa kilima cha pili, au wa ng'ambo ya Kagera, ameketi katika kiti cha shahidi. Na tumfundishe kusema kadiri alivyoona.